Mkesha wa Watakatifu Wote: mavazi na mapambo tunayoweza kuwatengenezea watoto wetu kwa mikono



Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kule Mbagala alitusubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, akiwa na karatasi mkononi. Karatasi hiyo ilitoka shuleni kwa binti yake wa darasa la tatu. Iliwataka wazazi wamvike kila mtoto "vazi la kutisha" siku ya tarehe 31 Oktoba: mchawi, mzimu au mifupa, mzazi ajichagulie. Mama yule hakuja kulalamika. Alikuwa na maswali mawili tu. Je, ni dhambi? Na kama si dhambi, vazi lenyewe atalipata wapi, maana lile aliloonyeshwa dukani Kariakoo lilikuwa na bei ya kulisha nyumba yake kwa wiki nzima?

Sisi tunaowafundisha watoto katekesi tulimjibu haraka kuliko ilivyotupasa. Tulimwambia kwamba hayo ni mambo ya kipagani na mtoto abaki nyumbani siku hiyo. Mtoto akabaki. Jumapili iliyofuata, katika kipindi cha Utoto Mtakatifu, alituuliza mbele ya wenzake amekosa nini hata akaadhibiwa yeye peke yake. Hatukuwa na jibu la kumpa. Haya tunayoyaandika leo ni jibu tulilokuwa tunadaiwa, na limetuchukua misimu kadhaa ya kukata maboksi na kupika gundi kulifikia.

Tuanze na jina. Neno Halloween, ambalo vijana wetu wamelipokea kutoka kwenye filamu na simu zao, na ambalo sasa huonekana katika matangazo ya kumbi za starehe za Masaki na Oysterbay, ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya Mkesha wa Watakatifu Wote. Ni jina la Kanisa, wala si la washirikina. Mapema katika karne ya 7, Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la kale la Roma liitwalo Pantheon kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote. Katika karne ya 8, Papa Gregori III akatoa kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote, na katika karne ya 9, chini ya Papa Gregori IV, adhimisho la tarehe 1 Novemba likaenea katika nchi nyingi za Ulaya. Kumbukumbu ya Marehemu Waamini Wote ya tarehe 2 Novemba ilipata nguvu kutoka kwa Mtakatifu Odilo, Abate wa Cluny huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 10.

Ni kweli kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na sikukuu yao ya kufunga mavuno, Samhain, iliyoangukia siku hizo hizo, na kwamba desturi zake zilichanganyika na mkesha wa Kikristo. Walichonga mboga za mizizi wakaweka taa ndani. Njaa kuu ya miaka ya 1840 ilipowasukuma kwa wingi kwenda Marekani, walikuta huko maboga makubwa yaliyo rahisi kuchonga, na ndipo likazaliwa lile boga lenye macho na meno tunaloliona leo kwenye picha. Sisi tunaolipika boga kwa nazi tunaweza kulitazama bila kutetemeka. Boga ni boga.

Hata hivyo, hatukubali kwamba kila kinachofaa huko kinafaa hapa. Katika nchi ambako hakuna anayemwogopa bibi wa jirani, kofia ndefu nyeusi na ufagio ni mchezo tu. Kwetu neno mchawi limeua watu. Wazee wetu wa kike, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na mara nyingi wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi walizopikia maisha yao yote. Dar es Salaam ni mji wa watu waliotoka huko na kwingineko. Hofu hizo hupanda basi pamoja na mizigo. Sheria ya Uchawi iliyotungwa tangu mwaka 1928 haijaziondoa. Mtoto akivikwa uso wa bibi kizee mwenye macho mekundu na kufundishwa kumcheka na kumkimbia, tunamfundisha somo ambalo hatukulikusudia, na bibi wa nyumba ya tatu anasikia.

Vivyo hivyo kwa mzimu. Vazi hili linaonekana kuwa jepesi kuliko yote: mtoto hupakwa unga mweupe usoni na kufunikwa shuka. Lakini ndugu zetu wenye ualbino wameitwa mizimu kwa miaka mingi, wakasemwa kwamba hawafi bali hutoweka, na imani hiyo ya uongo ni mojawapo ya zile zilizowafanya wauaji waone wepesi kuwagusa. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa na kuuawa wilayani Muleba, mkoani Kagera. Wapo watoto wenye ualbino katika madarasa yetu ya Komunyo ya Kwanza. Tunawaomba wazazi wafikirie jinsi mtoto huyo anavyojisikia anapoona wenzake wamepaka uso mweupe ili watishe watu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila aina, hata unaodaiwa kuwa wa kutafuta afya. Hapo hapana mjadala. Lakini haisemi popote kwamba Mkristo aogope fuvu la kichwa au mifupa. Mtakatifu Jeromi huchorwa mara nyingi akiwa na fuvu kando ya vitabu vyake, limkumbushe kifo chake mwenyewe. Kwa hiyo mtoto aliyechora mifupa kwa chokaa kwenye kaniki hatujamfukuza. Tumemuuliza tu ni mifupa ya nani, naye akatuambia ni ya babu anayesubiri ufufuko. Hatukuongeza neno.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ndugu zetu Wamakonde, ambao wengi wao wamefanya makazi Temeke na vitongoji vyake, wanalijua hilo tangu kale: kinyago cha mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, mchezaji akafunikwa nguo mwili mzima, na kijana anapofikia umri wake hufunuliwa kwamba ndani yake yumo mtu. Hofu hupewa sura, kisha hufunuliwa. Kwa sababu hiyo tunapendelea vazi lililotengenezwa nyumbani kuliko la dukani, hata kwa mzazi mwenye uwezo. Mtoto anayekata, kupaka gundi na kushona hujua kilichomo ndani. Na kabla hajamaliza kushona atakuwa ameuliza mara kumi huyu mtakatifu alikuwa nani.

Jambo la kwanza ni majira. Huko Ulaya mwisho wa Oktoba ni wakati wa majani kupukutika. Kwetu mvua za vuli zimebisha hodi. Boksi likilowa limekwisha, na gundi ya unga isipokauka vizuri huota ukungu. Anzeni mapema, angalau wiki tatu kabla. Gundi yenyewe ni unga wa ngano kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne hivi, ikorogwe kwenye moto mdogo kama uji mpaka iwe nzito, itiwe chumvi kijiko kimoja ili isiharibike upesi. Ipoe kabla ya watoto kuigusa.

Mavazi mepesi kuliko yote, na kwetu sisi mazuri kuliko yote, ni ya Mwenyeheri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana mfanyakazi wa Kongo. Alipigwa mijeledi vibaya na msimamizi wa shamba kwa sababu alikataa kuvua skapulari yake na kuacha kuwafundisha wenzake kusali. Alifariki mwaka 1909 baada ya miezi ya mateso, akiwa amemsamehe aliyempiga, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Mtoto anahitaji shati jeupe na kaptura aliyo nayo. Kinachotengenezwa ni skapulari tu: vipande viwili vya kitambaa cha rangi ya kahawia, kila kimoja ukubwa wa kiberiti kikubwa, viunganishwe kwa nyuzi mbili za urefu wa kutosha ili kimoja kikae kifuani na kingine mgongoni. Mafundi cherehani wa Tandika na Manzese wana magunia ya vipande vilivyobaki, nao hawajawahi kututoza hata senti. Mtoto wa miaka saba anaweza kushona skapulari hii peke yake kwa sindano butu. Tumeona wavulana ambao hawajawahi kushika sindano wakikaa kimya nusu saa nzima, jambo ambalo katekista yeyote atakubali kuwa ni muujiza mdogo.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake wanahitaji kazi zaidi. Katika Uganda ya wakati wao, nguo ya heshima ilitokana na magome ya mti wa mutuba yaliyopondwa mpaka yakawa laini. Sisi tunatumia karatasi za kaki. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa kila nyumba. Ifungueni iwe karatasi bapa, ikunjwe na kufinywa mkononi kama nguo inayofuliwa, ikunjuliwe, ifinywe tena, mara saba au nane, mpaka ilegee. Kisha ipakwe chai nzito isiyo na maziwa, ianikwe. Ikikauka hupata mikunjo na rangi ya ngozi nzee, na ukiunganisha karatasi nne kwa gundi juu ya kipande cha kitambaa chakavu, utakuwa na lubega la kufungwa begani kwa mtoto wa miaka kumi. Mkononi ashike tawi la mnazi au la mkindu, ishara ya ushindi wa mashahidi. Mtakatifu Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, na watoto hugombea kuwa yeye. Acheni wawe akina Kizito watano. Ila tunasisitiza: pasiwepo moto wa kuigiza. Karoli Lwanga alichomwa akiwa hai huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Habari hiyo husimuliwa kwa maneno, na inatosha.

Kwa Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kufariki akiwa mtawa huko Schio, Italia, tarehe 8 Februari 1947, tunashona gauni refu la kahawia iliyokoza kwa shuka ya mtumba, na mtandio mweusi wa kaniki. Kifuani anatundikiwa medali ya boksi lililofunikwa karatasi ya kung'aa kutoka ndani ya pakiti ya majani ya chai. Wengine humpa mnyororo wa karatasi uliokatika, naye huuburuta. Hapo huwa tunawasimulia watoto kwamba hata hapa jirani, Bagamoyo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 ilipokea watoto waliokombolewa utumwani. Wengi wao hawakujua kwamba habari hiyo ilitokea katika mwendo wa saa chache tu kutoka nyumbani kwao.

Mtakatifu Martini wa Porres, bradha Mdominikani wa Lima, ni zawadi kwa wazazi wasio na muda: kanzu nyeupe, kitambaa cheusi mabegani, na ufagio wa chelewa ambao kila nyumba inao. Panya wa kitambaa akichungulia mfukoni huwafurahisha wadogo. Kwa hiyo yule anayetaka ufagio usiku huo anao, na haupandwi kwenda angani. Perpetua na Felisita wa Kartago wavae nyeupe na wapewe tawi. Kuhusu Mtakatifu Karlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, hatuna cha kufundisha: suruali ya jinzi, raba na begi la mgongoni. Wavulana wote wa umri wa miaka 13 wamemchagua huyo, na tunashuku si kwa sababu ya ibada yake kwa Ekaristi peke yake.

Tahadhari mbili tulizojifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza tulinunua bafta nyeupe kwa ajili ya kanzu zote, kwa sababu ni rahisi. Bibi mmoja aliingia ukumbini, akaona watoto ishirini wamevaa bafta, akaketi na kulia; yeye aliona sanda. Tangu hapo tunatumia shuka zilizochakaa, na zikiwa na maua tunazigeuza ndani nje. Ya pili: msiazime stola, alba au kitambaa cha altare kutoka sakristia, hata kama mtunza sakristia ni shemeji yako. Mtoto anayeigiza askofu atengenezewe kofia ya boksi na fimbo ya muanzi. Ndevu za Mtakatifu Yosefu ni sufi iliyobandikwa juu ya kipande cha kitambaa na kufungwa kwa uzi masikioni. Sufi isibandikwe kwenye ngozi ya mtoto.

Sasa tuje kwa wale wanaotaka kutisha, maana wapo, na hatuoni sababu ya kujidanganya kwamba hawapo. Hawa wapewe joka. Kanisa lina joka la Mtakatifu Georgi, lina lile lililoko chini ya mguu wa Malaika Mkuu Mikaeli, na Kitabu cha Ufunuo kinalo lake. Joka letu lina kichwa cha puto kubwa lililofunikwa tabaka tano za magazeti yaliyochanwa vipande na kulowekwa katika gundi, kila tabaka likauke siku nzima. Nakala za zamani za gazeti la Kiongozi hufaa sana, mradi mmekwisha kuzisoma na mmetazama kwanza picha zilizomo. Mwaka mmoja taya la joka lilikaribia kupambwa kwa Baba Mtakatifu. Meno ni ya boksi, macho ni vifuniko vya chupa, mwili ni viroba vya mchele vilivyounganishwa kwa kamba ya katani, urefu wa mita sita au saba, na ndani yake hutembea watoto wanane. Rangi ya kijani tulinunua, nyeusi ni masizi ya mkaa, na manjano ni ile ile ya mchuzi. Joka hili hunguruma kuzunguka uwanja mpaka Mikaeli, ambaye kwetu huwa ni msichana mwenye upanga wa boksi, alikanyage. Watoto wadogo hupiga mayowe ya kweli. Kisha joka hufunuliwa, wanatoka kaka zao wanane wakitokwa jasho.

Haya yote hufanyika jioni ya tarehe 31 Oktoba, baada ya Masifu ya Jioni ya mkesha, katika uwanja wa parokia na kwa ruhusa ya Paroko, si ndani ya Misa Takatifu. Watoto hupita mmoja mmoja, kila mtu akisema jina la mtakatifu wake na jambo moja alilolitenda, na wote huitikia kama katika Litania: utuombee. Fedha ambazo mzazi angetoa dukani, hata zikiwa shilingi elfu moja, hutiwa katika sanduku la Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto.

Mwanga wa jioni hiyo hatuutoi kwenye boga. Tunatumia makopo matupu ya nyanya au ya maziwa. Jaza kopo mchanga mbichi na uushindilie, ili bati lisibonyee. Chora msalaba au nyota kwa mkaa, kisha toboa kwa msumari na nyundo kufuata mchoro. Mwaga mchanga, piga kingo kwa jiwe zisikate vidole, funga mshikio wa waya. Ndani weka mshumaa mfupi uliosimamishwa katika mchanga kidogo. Watoto waliovaa karatasi wasishike kopo lenye moto hata kidogo. Wao wapewe tochi ndogo ndani yake, na mishumaa ishikwe na akina mama wa WAWATA na akina baba wa UWAKA.

Makopo hayo hayatupwi. Tarehe 2 Novemba tunayachukua kwenda makaburini, Kinondoni kwa walio upande huo na Chang'ombe kwa walio Temeke, pamoja na mafagio, majembe na maua. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa waamini wanaotembelea makaburi na kuwaombea kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, kwa masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na mwelekeo wowote wa dhambi. Watoto hufyeka nyasi, husoma majina kwenye misalaba, huuliza maswali ambayo wazazi hawakuyatarajia. Yule binti wa Mbagala sasa yuko sekondari. Mwaka jana alitoboa kopo la kaburi la babu yake mwenyewe, akaandika jina lote kwa matundu ya msumari, na herufi moja ikakosa nafasi ikabidi izunguke nyuma.

Maboksi, viroba na shuka chakavu tunaanza kupokea ofisi ya parokia Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Shuka zifuliwe kwanza.